Ferofluidi mjini Moshi: shajara ya mradi, mkupuo wa 1 hadi wa 7

Siku ya 1. Tunachotafuta

Lengo ni mililita 50 za ferofluidi, yaani kimiminika kinachovutwa na sumaku huku kikibaki kimiminika. Sumaku ikisogezwa chini ya sahani, uso wake uchomoze miiba. Ikiondolewa, ulale tena kama mafuta. Kila kitu kipatikane Moshi au Arusha, kwa wauza kemikali, wauza vipuri, mafundi kompyuta na sokoni.

Ndani ya kimiminika hicho mna vitu vitatu tu. Kwanza ni chembe za magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku, Fe3O4, zenye kipenyo cha nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Pili ni mafuta yanayozibeba. Sisi tunatumia mafuta ya taa. Tatu, na hapa ndipo penye kazi, ni koti la asidi ya oleiki, asidi itokanayo na mafuta ya kula, juu ya kila chembe, linalozizuia zisigusane. Chembe mbili zikigusana hushikana, ya tatu huja, kisha ya kumi, na baada ya saa moja una tope chini ya kopo na mafuta matupu juu. Kwenye kumbukumbu hizi mtaona kwamba karibu kila mkupuo (jaribio moja zima la kutengeneza) ulioharibika uliharibikia kwenye koti.

Wazo lenyewe ni la Steve Papell wa NASA, mwaka 1963. Alitaka mafuta ya roketi yavutwe kwa sumaku hadi kwenye pampu mahali ambapo hakuna uzito wa kuyatelemsha. Yeye alisaga magnetaiti kwa gololi ndani ya kinu, pamoja na asidi ya oleiki, kwa siku nyingi. Sisi hatusagi. Tunazizalisha chembe zikiwa ndogo tangu kuzaliwa, ndani ya maji, kwa kuchanganya chumvi mbili za chuma, feriki kloridi na ferasi kloridi, na kuzimwagia alkali.

Siku ya 2. Mchanga mweusi na tona

Kabla ya kugusa kemikali tulipima njia mbili za mkato ambazo kila mtu huziuliza.

Ya kwanza ni mchanga mweusi. Udongo wa huku umetokana na volkano, na baada ya mvua kubwa mitaro ya barabara huacha michirizi myeusi. Pitisha sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya michirizi hiyo na utakusanya kiganja kizima kwa dakika chache. Nyingi ni magnetaiti yenye titani ndani yake. Tuliuosha, tukautwanga saa 3 kwenye kinu cha mawe, tukauchanganya na mafuta ya taa na asidi ya oleiki. Ulizama wote mbele ya macho.

Hesabu inaeleza kwa nini. Punje ya mikromita 10 (sehemu ya mia moja ya milimita), ambayo tayari ni unga laini sana kwa kinu cha nyumbani, huzama ndani ya mafuta ya taa kwa karibu sentimita 1 kila dakika. Kipenyo kikipungua mara 1,000, kasi ya kuzama hupungua mara 1,000,000. Kwa hiyo chembe ya nanomita 10 ingezama kiasi cha sehemu ya mia moja ya milimita kwa siku nzima, na hata hiyo haipati nafasi, kwa sababu mitikisiko ya joto ya molekuli za mafuta huirusha huku na huku. Ndiyo sababu ferofluidi halisi haitulii chini ya chupa hata baada ya miezi. Kinu hakikufikishi huko.

Ya pili ni tona ya mashine za kuchapa. Tona nyeusi za baadhi ya printa za leza zina magnetaiti ndani yake. Za rangi hazina, na nyeusi nyingine pia hazina, kwa hiyo ijaribu kwa sumaku kwanza. Gramu 10 za tona na mililita 8 za mafuta ya kula hutoa uji mweusi unaosimama nywele mbele ya sumaku. Ukiuona kwa haraka utadhani umefika. Angalia tena: nywele hizo hazing'ai, zina ncha zilizochakaa, na sumaku ikiondoka hubaki zimesimama au huanguka vipande vipande. Punje za tona ni za mikromita kadhaa, kwa hiyo ule ni uji wa unga. Unafaa kumwonyesha mtoto mistari ya uga wa sumaku, na tusiudharau kwa kazi hiyo. Ila usiufanyie kazi jikoni: vumbi la tona huingia mapafuni na halitoki kwenye nguo.

Siku ya 3. Vifaa

Feriki kloridi, ile ya kulia shaba kwenye bodi za saketi. Ikiwa ni mabonge ya rangi ya njano iliyoiva, yaliyo na maji ndani yake, pima gramu 40.5 na uongeze maji hadi mililita 100. Hapo unapata moli 1.5 kwa lita (moli ni kipimo cha kuhesabia chembe za kemikali). Ikiwa ni unga mweusi mkavu usio na maji, pima gramu 24.3 tu, na uutie kidogo kidogo kwenye maji baridi, maana huchemka na kurusha mvuke wa asidi. Usikosee kati ya hizo mbili. Muuzaji akishindwa kukuambia ni ipi, rangi itakuambia.

Maji yawe ya betri. Maji ya bomba na ya visima ya ukanda huu, hasa upande wa Arusha, yana fluoridi na bikaboneti nyingi, na chumvi yoyote iliyobaki huwa adui wa koti. Hakikisha chupa ni ya maji ya betri na si ya asidi ya betri. Dukani hukaa rafu moja na wakati mwingine hufanana hadi rangi ya kifuniko.

Stilwaya laini za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu. Zile ngumu zilizosokotwa na kung'aa ni za chuma kisichoshika kutu na zina kromiamu, hazifai. Loweka kipande kwenye maji ya chumvi usiku mmoja: kikiamka na kutu, ni chenyewe. Kioshe kwa sabuni na spiriti, kwa kuwa hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo huchelewesha kazi.

Amonia ya maji ya asilimia 25 kutoka kwa muuza kemikali. Mafuta ya taa. Spiriti. Karatasi za kuchujia kahawa, ambazo kwa mji huu hazina shida. Sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano. Mzani mdogo wa kusoma gramu 0.01, kama wanaotumia wanunuzi wa tanzanaiti. Kipimajoto. Karatasi za kupimia pH, yaani ukali wa asidi. Glavu na miwani ya kinga.

Vyombo viwe vya kioo kinachostahimili moto, au vya bati lenye enameli isiyobanduka. Sufuria za alumini zisikaribie meza hii. Feriki kloridi huila alumini ikitoa joto na gesi, na kostiki soda huila vilevile. Sufuria moja inaweza kutoboka kabla hujamaliza kukoroga.

Siku ya 4. Asidi ya oleiki kutoka kwenye parachichi

Asidi ya oleiki safi haikupatikana kwa wauzaji wa karibu, tukaitengeneza. Mafuta ya zeituni yanafaa. Mafuta ya parachichi yanafaa pia, na mkoa huu una parachichi. Yote mawili yana zaidi ya nusu ya uzito wake kama oleiki iliyofungwa kwenye gliserini. Mafuta ya kawaida ya alizeti tuliyaacha: humo linoleiki ndiyo nyingi, na hiyo hugandamana na hewa taratibu, kama rangi ya mafuta inavyokauka ukutani.

Gramu 50 za mafuta ya parachichi zilihitaji gramu 7 za kostiki soda ndani ya mililita 20 za maji. Kostiki hutiwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Tuliweka kopo ndani ya beseni la maji ya nyuzi 80 kwa saa 2 huku tukikoroga, hadi likawa sabuni nzito ya rangi moja. Tukaiyeyusha kwa mililita 200 za maji ya moto, kisha tukamimina siki nyeupe ya asilimia 5, mililita 300. Sabuni ilikatika, na tabaka la mafuta ya dhahabu likaelea juu.

Kipimo cha kujua kama mafuta yote yamegeuka: dondosha tone kwenye kijiko cha spiriti. Asidi ya mafuta huyeyuka na spiriti ikabaki angavu. Mafuta ambayo hayajageuka hukaa kama jicho la mafuta chini. Tone letu la kwanza lilibaki jicho, kwa hiyo tabaka la mafuta lilirudishwa kwenye kostiki kwa saa nyingine moja.

Baada ya kuosha mara 3 kwa maji ya moto, tabaka liliachwa kwenye maji baridi ya nyuzi 16 hadi 18. Asidi ya palmitiki iliganda vipande vyeupe. Tukakamua kwa kitambaa. Usiweke kwenye friji, kwa kuwa oleiki yenyewe huganda ikishuka chini ya nyuzi 13 hadi 16 na utakamua hewa. Zilipatikana mililita 35 hivi. Si safi ya maabara, ila koti inalishona.

Siku ya 6. Mkupuo wa 1: kahawia

Mililita 10 za feriki kloridi, mililita 10 za maji, gramu 1 ya stilwaya. Chuma kinaugeuza mchanganyiko kuwa ferasi kloridi: FeCl3 mbili na Fe moja hutoa FeCl2 tatu. Rangi hutoka kahawia hadi kijani cha majani machanga kwa dakika 30 hadi 60, na viputo vidogo vya hidrojeni hupanda, kwa hiyo kazi ifanyike nje na mbali na moto. Stilwaya iwe imebaki kidogo mwishoni. Ikiisha yote, huna uhakika kwamba feriki imegeuka.

Kosa la mkupuo huu lilikuwa kuuchuja jioni na kuuacha wazi hadi asubuhi. Kijani kiligeuka chungwa: hewa iliirudisha ferasi kuwa feriki. Tuliendelea kwa makusudi ili kuona matokeo, na amonia ilipoingia tukapata uji wa kahawia ambao sumaku iliuvuta kwa uvivu. Hiyo ni kutu iliyolowa.

Magnetaiti inataka feriki 2 kwa ferasi 1. Mililita 10 za mwanzo zinakupa milimoli 22.5 za ferasi. Ukiongeza mililita 20 za feriki mpya unaleta milimoli 30. Uwiano ni 1.33 kwa 1, yaani ferasi imezidi. Ziada hiyo imewekwa kwa makusudi, kwa sababu sehemu ya ferasi huliwa na hewa kabla hujamaliza kukoroga. Toka kijani hadi amonia isipite dakika 10.

Siku ya 7. Magadi hayafai

Swali la haki: kwa nini tusitumie magadi yanayolainisha makande, tena yanauzwa kwa kopo sokoni? Tulijaribu. Povu lilifurika kopo, maana magadi ni kaboneti na bikaboneti, na chumvi za chuma ni za asidi. Gesi ya kaboni dioksidi inatoka hapo. Kilichobaki chini kilikuwa na rangi ya matofali. Alkali yake ni dhaifu na kaboneti hukamata ferasi kabla haijaingia kwenye magnetaiti.

Siku ya 8. Mkupuo wa 2: kostiki soda

Gramu 7 za kostiki ndani ya mililita 100 za maji, badala ya amonia. Hapa weusi ulikuja mara moja, mweusi wa makaa, na sumaku iliuvuta kopo zima. Tukatia mililita 5 za asidi ya oleiki na kupasha hadi nyuzi 85 kwa nusu saa. Kisha mafuta ya taa. Badala ya tabaka mbili tukapata maziwa ya kijivu yasiyotengana hata kwa siku 2.

Sababu ni kwamba kostiki na oleiki hutengeneza sabuni, sodiamu oleeti, na sabuni hiyo haivunjwi na joto. Hubaki ndani ya maji ikiyashika mafuta ya taa na maji pamoja. Dawa ni siki kabla ya mafuta ya taa: tone kwa tone, ukikoroga, hadi pH ishuke karibu na 5. Kwa kiasi hiki zilitosha mililita 60 hadi 70. Wakati wenyewe unaonekana wazi: weusi wote unajikusanya ghafla mabonge kama lami, na maji yanabaki angavu. Usishuke chini ya pH 4, asidi itaanza kuila magnetaiti yenyewe.

Mkupuo wa 2 uliokolewa nusu. Anayekosa amonia anaweza kupita hapa, ilimradi asisahau siki.

Siku ya 10. Mkupuo wa 3: amonia, ndiyo njia yetu

Huu ndio utaratibu tuliobaki nao hadi mwisho, kwa hiyo tunauandika wote.

Ferasi ya kijani ichujwe moja kwa moja ndani ya kopo kubwa lenye mililita 20 za feriki mpya. Mililita 40 za amonia ya asilimia 25 zichanganywe na mililita 110 za maji ya betri, nje, upepo ukielekea mbali nawe. Amonia hiyo imiminwe yote kwa mara moja huku mwingine akikoroga kwa nguvu zote. Kasi ina maana yake. Ukimwaga kwa kudondosha, chembe za kwanza hupata nafasi ya kunenepa. Ukimwaga kwa kishindo, mbegu nyingi huzaliwa pamoja na kugawana chuma kilichopo, kwa hiyo zote hubaki ndogo.

Pasha taratibu juu ya jiko la umeme la sahani. Ikifika nyuzi 80 tia mililita 5 za asidi ya oleiki. Panda hadi 90 na ukae hapo saa 1, ukikoroga, ukirudishia maji yanayopungua. Huku Moshi maji huchemka karibu na nyuzi 97, kwa sababu ya mwinuko, na Arusha karibu na 95, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja yachemke. Ukingoja viputo, utarusha matone ya amonia usoni.

Kinachotokea ndani ya saa hiyo ndicho kinachofanya amonia iishinde kostiki. Oleiki hushika kwanza na amonia, ikawa amonia oleeti inayoyeyuka majini na kuzifikia chembe zote. Kisha joto huivunja: amonia inaondoka hewani, oleiki inabaki imeshika uso wa magnetaiti kwa kichwa chake, mkia ukielekea nje. Mkia hupenda mafuta na huchukia maji. Chembe zilizovaa hivyo haziwezi tena kukaa majini. Zinajikusanya kama lami. Harufu ya amonia ikiisha kabisa na maji yakawa karibu angavu, koti limekamilika. Harufu ikiwepo, hata kidogo, endelea. Mara mbili tulisimamisha mapema na mara mbili mafuta ya taa yalikataa kubeba weusi.

Mimina maji, huku sumaku iliyofungwa mfukoni ikishikilia lami chini ya kopo. Osha kwa maji ya betri ya moto mara 3. Halafu spiriti mililita 30, koroga, shikilia kwa sumaku, mimina. Rudia mara 1. Spiriti inafanya kazi mbili: inabeba maji yaliyojificha ndani ya lami, na inaosha oleiki iliyozidi. Mililita 5 ni nyingi kuliko mahitaji. Eneo la uso wa gramu 3.5 za magnetaiti hii lingetosheka na chini ya mililita 1.5. Tunazidisha ili koti lisipungue, ila ziada ikibaki huleta mnato na kuchelewesha miiba.

Acha spiriti iruke kivulini dakika 20. Usikaushe hadi unga. Unga uliokauka kabisa hushikana na haurudi wote kwenye mafuta.

Siku ya 11. Mafuta ya taa: kiasi gani?

Maelekezo mengi husema mililita 100. Tukafanya hivyo kwa mkupuo wa 3, na kimiminika kilikuwa cheusi, kizuri, hakizami, na mbele ya sumaku kilivimba tu kama kifundo. Hakuna mwiba hata mmoja.

Hesabu ilitupa jibu, na mzani ukathibitisha. Mkupuo mmoja hauwezi kutoa zaidi ya gramu 3.5 hadi 4 za magnetaiti, ambazo ujazo wake ni mililita 0.7 tu. Ndani ya mililita 100 hiyo ni asilimia 0.7. Miiba inataka karibu asilimia 5. Kwa hiyo mkupuo mmoja unatosha mililita 12 hadi 14, basi.

Kipimo chetu cha kila siku ni hiki. Vuta mililita 10 za mafuta ya taa yenyewe kwa sirinji na uyapime. Yetu yalikuwa gramu 8.0. Kisha pima mililita 10 za ferofluidi. Kila gramu 0.44 inayozidi ni asilimia 1 ya magnetaiti kwa ujazo. Mkupuo wa 3 ulisoma gramu 8.3. Tukauacha kwenye sinia pana ya enameli, nje, kivulini, mbali na jiko lolote, tukiupima kila jioni. Kwenye gramu 9.5 ulitoa vilima butu. Ulipofika gramu 10.1, miiba ikatoka. Oleiki iliyozidi huupotosha mzani kidogo, kwa kuwa nayo ni nzito kuliko mafuta ya taa, kwa hiyo usipoosha kwa spiriti namba itakudanganya.

Onyo moja lisilo na mjadala: mafuta ya taa hayapashwi kwenye moto. Mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 38 na kuendelea. Ukitaka yayeyushe lami haraka, weka kopo lililofunikwa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, nje.

Siku ya 14. Mikupuo ya 4, 5 na 6

Ya 4 na ya 5 ilikwenda kama ilivyoandikwa, mililita 13 kila mmoja, gramu 10.1 na 10.2. Ya 6 umeme ulikatika katikati ya saa ya kupasha. Ilipashwa tena kesho yake na ikatoa kimiminika chenye mashapo.

Mashapo yana dawa. Weka chupa juu ya sumaku kali usiku kucha. Chembe nene na zilizoshikana hukaa chini, zenye koti zima huendelea kuelea. Asubuhi, sumaku ikiwa bado imeshikilia, mimina kilicho juu na uache tope. Tulipoteza kama robo ya mkupuo wa 6. Kila mkupuo sasa unapitishwa hapo, hata unaoonekana mzuri, na hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko miiba, kwa sababu hata uji wa tona hutoa kitu kinachofanana na miiba, ila hakuna uji wa tona unaovuka usiku huo.

Siku ya 15. Miiba

Sumaku zimetoka kwenye diski ngumu za kompyuta zilizokufa. Ni za neodimiamu na hubana vidole hadi damu. Mbili zisikutane bila ubao katikati, na zisiachwe mtoto alipo, kwa kuwa mbili zikimezwa hutoboa utumbo. Zifungwe mfuko wa plastiki kabla ya kazi. Ferofluidi ikigusa sumaku tupu haitoki tena.

Tulimimina mililita 10 kwenye kisahani cha kioo na kupandisha sumaku taratibu kutoka chini. Uso unabaki laini, laini, kisha mahali fulani panachomoka miiba yote pamoja. Jambo hili lilielezwa na Cowley na Rosensweig mwaka 1967. Uga wa sumaku unataka kuunyanyua uso. Uzito wa kimiminika na mkazo wa uso wake vinataka kuulaza. Uga ukivuka kiwango fulani, unashinda. Umbali kati ya mwiba na mwiba pale unapoanza unaamuliwa na densiti na mkazo wa uso, si na sumaku, na kwa kimiminika kama chetu hesabu inatoa karibu milimita 10.

Sisi tulipima milimita 4. Tofauti hii inaeleweka: hesabu inadhani uga uko sawa kila mahali, ilhali sumaku ndogo iliyo karibu huvuta kwa nguvu zaidi chini kuliko juu, na mvuto huo unafanya kazi kama uzito wa ziada, ukiibana miiba. Tukiweka vipande vya mbao vya sentimita 2 kati ya sumaku tatu zilizobebana na kisahani, miiba ilinenepa na kuachana.

Jambo jingine la sumaku za diski: upande mmoja una ncha mbili, kaskazini na kusini zikilala pamoja. Ndiyo maana miiba inatokea kwenye vilima viwili vyenye bonde katikati, na ile ya ukingoni imelala. Anayetaka ua moja la duara atafute sumaku ya sarafu. Zile nyeusi za spika ni dhaifu kwa kazi hii. Zilitoa miiba pale tu ferofluidi ilipofika gramu 10.4.

Siku ya 18. Chupa

Chupa ya kwanza ya kuonyeshea ferofluidi ikifuata sumaku ilichafuka kahawia ndani ya siku 1, hata hakikuonekana kitu. Mafuta hupenda kioo kikavu. Chupa ya pili ilioshwa kwa maji ya kostiki, ikasuuzwa sana, ikajazwa maji ya betri yenye chumvi kijiko 1 cha chai kwa mililita 200, na ikaachwa siku nzima ili maji yashike ukuta kwanza. Ndipo mililita 3 za ferofluidi zikaingizwa kwa sirinji. Inatembea bila kuacha alama, siku ya 5 sasa.

Siku ya 20. Taka na akiba

Maji ya kuoshea yana amonia, chumvi za chuma na mabaki ya asidi. Hayamwagwi kwenye mtaro, na hayamwagwi kwenye mfongo (mfereji wa umwagiliaji), maana aliye chini yako ananywesha migomba na ng'ombe kwa maji hayohayo. Tunayaacha kwenye beseni pana juani hadi yakauke na kukwangua ukoko uliobaki. Dawa ya kufulia yenye klorini isiingie hapo kamwe. Ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu. Vitambaa vyenye mafuta ya taa vinaanikwa nje vikitandazwa, haviviringishwi.

Akiba baada ya kuunganisha mikupuo ya 3 hadi ya 7: mililita 56, gramu 10.1 kwa mililita 10. Kasoro iliyobaki ni mafuta ya taa yenyewe: kisahani kilichoachwa wazi siku 3 kimekuwa lami. Mkupuo wa 8 utajaribu mafuta mepesi ya cherehani kama mbebaji, kiasi kilekile, koti lilelile.